Mdhamini wa Maroya

Nchi ninayoisimulia ipo, msiwe na shaka, ila ramani yake ilipelekwa kupigwa mhuri na bado haijarudi. Jina nalo lipo. Lile la zamani lilifutwa kwa kosa la kuwa la zamani, na jipya linajadiliwa na kamati ambayo akidi yake haijatimia tangu mvua za mwaka juzi. Kwa hiyo sisi raia tunasema tu "nchini," na kila mtu anaelewa.

Mimi ni karani wa takwimu katika Wizara ya Ajira na Mabadiliko ya Soko Lake. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba sina kinyongo na Serikali. Serikali ilinipa kiti, na kiti kilipovunjika ikanipa fomu ya kuomba kingine. Haya ninayowaambia niliyaona kwa macho yangu na kuyaandika kwa mkono wangu, nakala tatu.

Nchini kuna msitu uitwao Lumea, na ndani ya Lumea waliishi Wasirai, watu wa asali, tangu enzi ambazo hatukuwa na wizara hata moja. Waliwezaje kuishi bila wizara, wataalamu wetu bado wanachunguza. Msirai akitaka asali alipiga mluzi, akaja ndege mdogo wa kijivu, mnyonge wa sura, aitwaye ndege wa asali. Ndege alitangulia tawi kwa tawi akilia, mtu akamfuata mpaka kwenye mti wenye nyuki. Ndege anajua nyuki walipo lakini hana shoka wala moshi. Mtu ana shoka na moshi lakini nyuki hajui walipo. Basi walisaidiana. Mtu alipasua mti, akatoa asali, na kabla hajalamba hata kidole alimwekea mwenzake sega la kwanza juu ya jani, lile lenye nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Ukimnyima, Wasirai walisema, safari ijayo atakuja tena kukuita, lakini hatakupeleka kwenye asali. Huko atakakokupeleka hawakupenda kukutaja.

Siku moja Serikali iligundua kwamba msitu ni msitu, na kwamba lazima ulindwe dhidi ya watu walioukuta ukiwa msitu na kuuacha hivyo hivyo. Wasirai wakahamishiwa Makazi Mapya Namba Nne, kando ya barabara ya lami. Namba Moja mpaka Tatu zipo kwenye mipango. Lumea ikazungushiwa seng'enge, ikawekwa geti linalotazamana na Namba Nne, na juu ya geti kibao kikubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Tangu siku hiyo wanaoruhusiwa kuingia ni wageni wenye tiketi na wafanyakazi wenye vitambulisho. Mwenyeji anapona akiwa nje.

*

Katika Namba Nne alikuwapo mama mmoja wa makamo, Maroya, ambaye kwa mluzi hakuwa na mpinzani. Nilimfahamu nilipokwenda kuhesabu watu wasio na ajira. Kazi ilikuwa rahisi, nilihesabu nyumba nikazidisha.

"Unataka kazi gani, dada Maroya?" nilimuuliza.

"Yoyote itakayonipitisha pale getini."

"Mshahara kiasi gani?"

"Hilo utajaza mwenyewe, ndugu karani. Mimi nina haraka ya jambo jingine. Ndege wa asali asipoitwa misimu mitatu, anaacha kutuzoea. Anakuwa ndege tu. Na huu unaokwisha ni wa pili."

"Akiacha, itakuwaje?"

"Basi na sisi tutakuwa watu tu, wa kando ya lami. Wajukuu zangu watakuwa wanasikia kwamba bibi yao aliongea na ndege, watacheka."

Niliingiwa na simanzi ya kweli. Nikaiandika kwenye safu ya Mengineyo.

*

Wizara nayo haikulala. Ulitangazwa Mwaka wa Ajira kwa Wenyeji wa Asili, na Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Eusebia Ngalapa, alifika Namba Nne mwenyewe na msafara wa magari kumi na manne, moja likiwa limebeba mimbari.

"Ndugu zangu Wasirai!" alisema. "Soko la ajira linabadilika! Zamani mtu aliitafuta kazi. Leo kazi ndiyo inamtafuta mtu, na ikibisha hodi ikakukuta umelala, inakwenda kwa mashine!"

Tulipiga makofi. Sisi wa Wizara tulikaa mbele kwa ajili hiyo.

Shangazi yake Maroya akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hiyo kazi inayotutafuta, inajua kwamba tulihamishwa?"

"Swali zuri sana," alijibu Waziri, na swali likawa limejibiwa.

Yakafuata mafunzo ya wiki sita ya Ujuzi wa Karne Ijayo. Kompyuta zilikuwa njiani, kwa hiyo kila mwanafunzi alipewa kipande cha boksi kilichochorwa herufi kwa kalamu ya wino. Maroya alijitahidi mno. Wiki ya nne alifikia maneno arobaini kwa dakika, mpaka boksi lake likatoboka kwenye herufi A. Mkufunzi alimsifu mbele ya darasa, ingawa hakuna aliyejua alichokuwa ameandika. Mwishoni wote walipewa cheti cha kuhudhuria, na hali ya ajira ikabaki palepale, ila sasa ilikuwa na vyeti.

Ndipo ikatangazwa nafasi moja: Mwongozaji Mkuu wa Wageni Msituni, wa kuwapeleka watalii kwenye miti yenye nyuki. Sheria inasema nafasi hiyo ni ya mwenyeji wa asili. Awali ilikuwa imepewa kidege cha mashine kutoka ng'ambo, kilichotakiwa kuwatambua nyuki kikiwa angani. Kiliwatambua siku ya kwanza. Nyuki nao wakakitambua, na ajira yake ilidumu dakika kumi na moja.

Maroya alichukua fomu. Stashahada hakuwa nayo, akaandika hana. Usafiri binafsi, akaandika miguu. Akafika mahali panapotaka mdhamini mmoja, "asiye ndugu wa mwombaji, aliyefanya naye kazi kwa muda usiopungua miaka kumi." Hapo ndipo Wasirai wengine walipokuwa wamekwama na kurudisha fomu, kwa maana Msirai ambaye si mjomba wako ni mkwe wako, na ambaye si mkwe wako bado hajazaliwa. Lakini Maroya ni mtu mkweli, na wakweli hawajui kukwama. Alifikiri kidogo akaandika:

Jina la mdhamini: Ndege wa asali. Uhusiano: Kazi. Miaka: Ishirini na sita. Anwani: Msitu wa Lumea, mti wowote. Simu: Mluzi.

*

Nilipoipeleka fomu kwa Mkurugenzi wa Uhakiki, Bwana Pancras Lukindo, nilijiandaa kwa kicheko. Sikumjua vizuri bosi wangu. Bwana Lukindo hacheki mbele ya fomu iliyojaa.

"Karani, kuna sehemu iliyoachwa wazi?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

"Basi si kazi yetu kuuliza mdhamini ana miguu mingapi. Kazi yetu ni kumhakiki."

Tulimwandikia mdhamini barua. Hakujibu. Tukamwandikia ya kumkumbusha, kisha ya kumkumbusha ile ya kumkumbusha. Mwisho uliundwa msafara wa watu tisa, pamoja na dereva na mtaalamu wa itifaki, tukaenda Lumea.

Maroya alitusubiri getini. Alisogea kwenye seng'enge, akakusanya midomo, akatoa mluzi mrefu wenye kutetemeka, na mwishoni akaguna kidogo. Tulingoja. Nilimwona anavyoshika ule waya, vidole vimekaza, maana hakuwa na hakika kama bado anakumbukwa. Kisha kitu kikajibu ndani ya miti, krr-krr-krr, na ndege mdogo wa kijivu akatua kwenye nguzo mbele yake. Maroya alicheka huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyesikia hodi ya dada yake.

"Ahsante sana, mama," alisema Bwana Lukindo. "Sasa wewe utabaki hapa. Mwombaji hawezi kuwapo mdhamini anapohojiwa. Ni mgongano wa maslahi."

"Sawa, mheshimiwa. Ila mkipata, mpeni chake kwanza. Sega la mwanzo, juu ya jani."

Mkurugenzi alisimama. "Unasema tumpe mdhamini kitu kabla hajatoa maoni yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni desturi."

"Hiyo, mama, inaitwa hongo."

"Hongo kwa lipi? Ni chake. Si ndiye anayewaonyesha?"

"Karani! Andika kwamba mwombaji amejaribu kutushawishi."

Niliandika. Tukaingia, ndege mbele, itifaki nyuma. Alitupeleka vizuri kabisa, akitungoja tulipochoka, mpaka kwenye mti mkubwa uliokuwa ukinguruma tumboni. Dereva alitumia shoka la gari, na kwa kuwa hatukuwa na kuni za moshi tulichoma majalada ya mafunzo ya mwaka uliopita, ambayo yalikuwa makavu sana. Tuliumwa ipasavyo. Lakini asali ile, jamani! Tulikula mpaka mtaalamu wa itifaki akasahau nani anatangulia. Iliyobaki, pamoja na nta, majana na kila kitu, Mkurugenzi aliitia kwenye ndoo na kuibandika karatasi: KIELELEZO.

Ndege alikuwa kwenye tawi la juu yetu, anaangalia. Bwana Lukindo alimsomea maswali matatu ya fomu: mwombaji ni mwaminifu, ni mchapakazi, ungependa kufanya naye kazi tena? Ndege alinyamaza. Ikaamuliwa kwamba hana pingamizi.

Chini ya mti palikuwa na jani moja pana, tupu. Nililiona. Nakiri mbele yenu kwamba nililiona, na kwamba wakati huo nilikuwa nalamba kiganja.

*

Kesho yake tulirudi kuchukua sahihi. Safari hii hatukuhitaji mluzi. Ndege alikuja mwenyewe kutupokea, akalia kwa bidii kuliko jana, akaruka, akageuka kuhakikisha tunakuja.

"Mnaona?" alisema Mkurugenzi, ndoo mkononi. "Fuata nyuki ule asali. Na anayefuata anayefuata nyuki, je?"

Tulifuata kwa muda wa saa nzima. Tukapita vichaka, tukashuka bondeni, tukatokea kwenye dimbwi la matope ambamo alikuwa amelala nyati dume, mzee, aliyetengwa na kundi lake, na ambaye ilidhihirika hapendi wageni wasio na miadi.

Sitaeleza mbio. Nitasema tu kwamba watu tisa walienea kwenye miti mitatu bila ugomvi wa vyeo, na kwamba tulikaa huko saa nne. Nyati aliihakiki ndoo mpaka ikawa bapa.

"Mtenda husahau, mtendewa hasahau," alisema dereva kutoka mti wa pili.

"Dereva," alijibu Mkurugenzi kutoka wa kwanza, "wewe si msemaji wa msafara."

Nchini, taarifa ya safari haiwezi kusema safari ilishindwa. Kwa hiyo Bwana Lukindo aliandika kwamba mdhamini "anaujua msitu kwa kina, ana msimamo usioyumba, na ana uwezo wa kipekee wa kuwaongoza maofisa waandamizi hadi mahali wasipokusudia." Waziri aliposoma hayo alipiga meza.

"Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta!"

"Mwombaji, Mheshimiwa?"

"Mdhamini!"

Mwanasheria wa Wizara akaitwa. Akapekua sheria, akasoma kwamba mwenyeji wa asili ni "yeyote aliyekuwamo msituni kabla ya Serikali, na ambaye bado yumo." Ndege alikuwamo, na bado yumo. Wasirai walikuwamo, lakini hawamo tena, wako Namba Nne, tena kwa amri halali. Nikauliza, kwa unyenyekevu, kuhusu stashahada. Mwanasheria akanihurumia. "Karani, stashahada huulizwa wanaoomba. Huyu anateuliwa."

*

Ndege alinaswa kwa wavu, akavishwa pete ya bati yenye namba ya utumishi, akaachiwa huku bendi ikipiga. Nami nikajaza jedwali: nafasi moja, iliyojazwa moja, asilimia mia. Waziri alilitangazia taifa kwamba tatizo la ajira kwa wenyeji wa asili limekwisha.

Barua ya Maroya niliipeleka mimi. Ilisema ushindani ulikuwa mkali na Wizara inamtakia kila la heri. Aliisoma mara mbili.

"Ndege wangu kanipiku?"

"Ndiyo, dada."

Alicheka sana, na mimi nikacheka kwa kumsindikiza. Halafu akakaa chini, palepale mlangoni, nami nikaanza kujilaumu kwa kile kicheko. "Sasa nani atampasulia?" aliuliza. "Atawaonyesha watu mti, kisha? Mtamnyima wiki, mtamnyima mwezi. Mtamharibu."

Ikawa kama alivyosema. Watalii walimfuata ndege mpaka kwenye mti, wakaupiga picha mti, wakarudi hotelini. Kanuni haziruhusu mgeni kushika shoka. Ndege alilia juu ya mzinga mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyepasua. Wiki ya pili akaacha kituo chake cha kazi. Aliruka hadi Namba Nne, akatua kwenye nguzo ya seng'enge, akawa anaita tangu asubuhi hadi alasiri. Maroya alisimama upande wa pili wa waya na shoka lake begani, na katikati yao ilisimama Serikali, yaani Afande Sekulu, mlinzi wa geti.

Wizara ilimwandikia ndege barua ya kujieleza kwa utoro kazini, ikapigiliwa msumari kwenye mti. Siku kumi na nne zikapita kimya. Sheria ilitaka afukuzwe, lakini kumfukuza kungeishusha asilimia mia hadi sifuri kabla ya Sikukuu ya Taifa, na Bwana Lukindo alianza kukonda. Ndipo mimi, nisiyejulikana kwa lolote, nikakumbuka kanuni ya zamani: ofisa asiyejua kusoma wala kuandika atapewa mhudumu wa kumsaidia, amchague mwenyewe. Mhudumu hana mkataba wala kitambulisho. Anaingia anapoingia bosi wake.

Bwana Lukindo aliikumbatia kanuni hiyo, na kamati ya Wizara ikaja kwenye seng'enge kushuhudia ndege akimchagua mhudumu wake. Mpwa wa Waziri, mwenye stashahada mbili, alipewa nafasi ya kwanza. Alipiga mluzi wa wimbo wa taifa, beti zote. Ndege alijikuna pete. Akafuata mtaalamu wa itifaki, ndege akampa mgongo. Kisha Maroya akakusanya midomo, na hata hajaguna ile ya mwisho ndege alikuwa kichwani kwake, akilia na kupigapiga mabawa, akamvuruga nywele zote.

"Kitambulisho?" alisema Afande Sekulu.

"Sina, afande. Niko na bosi wangu," alisema Maroya, akaonyesha juu.

Afande Sekulu aliitazama ile pete, akaunganisha visigino, akapiga saluti. Geti likafunguka.

*

Mwishoni mwa robo mwaka nilikwenda kukusanya takwimu. Nilimkuta Maroya ndani ya msitu, kwenye kisiki, moshi unamalizikia, mikono imejaa asali mpaka viwikoni. Sega la kwanza lilikuwa juu ya jani, na ofisa alikuwa anakula. Tulingoja amalize. Sikuona aibu kungoja.

"Sasa, dada Maroya," nilisema, nikafungua fomu. "Mwajiri?"

Akaonyesha jani.

"Anakulipa nini?"

"Ananiita."

"Hilo nimelielewa. Lakini malipo?"

Alijifuta mikono kwenye majani. "Ndugu karani, tangu mtuhamishe mmetuita kwenye semina, mmetuita kwenye hotuba, mmetuita tuje tuhesabiwe. Aliyeniita kazini ni huyu peke yake."

Nilitafuta safu ya kuliandika hilo, sikuiona. Kwa mujibu wa kanuni, mhudumu wa ndege si mwajiriwa, kwa hiyo niliandika "hana ajira," naye akanipa kipande cha sega, cha pili, nikakipokea kwa mikono miwili.

Nikiwa natoka nilisikia sauti kwenye seng'enge, upande wa Namba Nne. Wasirai walikuwa wamejipanga kando ya lami, wazee kwa vijana, shangazi yake Maroya katikati, wote wameuelekea msitu, wanapiga ule mluzi mrefu wenye kuguna mwishoni. Magari yalipita nyuma yao yakipiga honi. Walikuwa hawana kitambulisho hata kimoja, na msimu wa tatu ulikuwa umeanza. Na ndani ya Lumea, huku na huko, ndege wasio na pete walikuwa wanajibu.

Nilihesabu majibu kumi na saba. Kisha nikakumbuka yaliyompata yule wa kwanza tulipomwandika, nikafunga kalamu. Wizara haijui. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe kiti, sikuandika nakala hata moja.